Kinjeketile Aliyetoka Majini Amelowa

Mtu akikwambia *Kinjeketile* ni tamthilia rahisi kwa kuwa kila mwanafunzi Tanzania anaijua hadithi ya Maji Maji, vita ya kuwapinga wakoloni wa Kijerumani, mwambie aende akaiweke jukwaani. Ebrahim Hussein, aliyeichapisha mwaka 1969, hakuandika mchezo wa shujaa wa kupigiwa vigelegele tu. Kinjeketile wake anawapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, maji yanawaunganisha watu waliokuwa hata hawaaminiani, kisha mwenyewe anaanza kuyatilia shaka. Na shaka hiyo inatakiwa imwingie mtazamaji polepole, kama mchwa.

Hilo "polepole" mwongozaji wetu alitusaga nalo mazoezini mpaka tukaliota. "Mtazamaji asishtuke kabla ya wakati wake! Mwanzo lazima aamini!"

Sasa, masimulizi yanasema pepo alimvuta Kinjeketile hadi majini, akakaa humo usiku kucha, akaibuka kesho yake nguo kavu. Muujiza ndio huo. Pasipo ukavu hakuna mganga, na pasipo mganga hakuna vita. Mto wetu ulikuwa kitambaa cha buluu kinachotikiswa na vijana wawili. Kinje (ndivyo tulivyomwita, hata nje ya mazoezi) anatambaa, anapotelea nyuma ya kitambaa, taa zinazimwa, zikiwaka ni asubuhi. Mimi nilikuwa mzee wa kijiji mwenye ndevu za pamba. Kazi yangu: kumpapasa kaniki yake, kisha kuutangazia umma kwamba ni kavu.

Mwongozaji alikuwa na ugonjwa mmoja, alipenda vitu halisi. Kwenye onyesho la kugawa dawa alitaka maji ya kweli, tena matone yawafikie walioketi mbele. Likaletwa beseni kubwa, lile la kufulia mablanketi, limejaa hadi ukingoni. Nyuma ya jukwaa palishasongwa na maleba na bunduki za mbao, hakuna pa kuliweka. Akatazama huku na huku, akasema, "Wekeni hapo nyuma ya mto."

Taa zikazimwa. Tukasikia *chubwi!* Halafu likafuata neno moja ambalo Ebrahim Hussein hakuliandika.

Taa zikawaka. Kinje akajitokeza, kaniki imemganda mwilini, mgwisho unachuruzika. Nikamsogelea, nikamshika bega, maji yakanitiririka mkononi hadi kwenye kiwiko. Nikatupa jicho pembeni. Mwongozaji ananitolea macho: sema! Ningefanya nini?

"Mkavu!" nikanguruma. "Hana hata tone!"

Kutoka kwenye mkeka wa watoto pale mbele ikaja sauti nyembamba: "Babu muongo! Kalowa chapachapa!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Shaka tuliyoipangia nusu ya pili ikawa imeshaingia, tena imeletwa na mtoto ambaye hata darasa la kwanza hajaanza. Kinje, Mungu amjalie, hakutetereka. Akahutubia kwa sauti nzito, na kila alipopunga mgwisho tuliosimama karibu tukaoga. Ndevu zangu zikabanduka upande mmoja, zikaning'inia. Wapiganaji walipojipanga kupewa dawa, mama mmoja akasimama kabisa: "Wanangu, msiende! Huyo hajajikinga mwenyewe!" Kwa kweli mama yule aliuelewa mchezo kuliko baadhi yetu.

Kisha wakaingia askari. Maji ya beseni yalikuwa yameshatambaa jukwaa zima, na jukwaa lenyewe ni saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Askari wa kwanza akapiga hatua mbili za gwaride, miguu ikamtangulia. Wa pili akamdaka, wakaenda wote. Wa tatu, mtu mwenye busara, akakaa chini mwenyewe. Huku nyuma kijana wa milio ya risasi, asiyeona lolote, anagonga mbao zake kwa bidii: pa! pa! pa! Risasi zinalia, Wajerumani wako chini, na watu wetu wote wamesimama wima.

"Maji yamefanya kazi!" mtu akapaza sauti, vigelegele vikafuata. Ile vita ya 1905 hadi 1907, ambayo sote tunajua ilivyokwisha, ikawa tunaishinda mbele ya mgeni rasmi. Kutoka pembeni nikasikia mwongozaji anatusihi kwa mnong'ono: "Kufeni! Kufeni basi, jamani!"

Tukafa. Mmoja wetu aliacha kwanza vita, akatafuta mahali pakavu, akakunja kaniki yake vizuri, ndipo akapigwa risasi.

Likabaki onyesho la mwisho, gumu kuliko yote. Kinjeketile amefungwa, anatakiwa atamke kwamba maji yale yalikuwa uongo. Hapo ukumbi ulitulia. Kinje akainua kichwa, akavuta pumzi, na kabla hajafungua kinywa mzee mmoja wa safu ya pili akamwambia kwa huruma kabisa:

"Sema tu, mwanangu. Sote tulikuona umelowa."

Akakataa, kama ilivyoandikwa. Ila alikataa huku anapiga chafya.