Mheshimiwa hakumtukana mtu, tuelewane

Habari zangu za ile sala ya Jumamosi uani kwetu nimezipata kwenye grupu, tena kwa vois noti, mtu anacheka mpaka anakosa pumzi. Kwa hiyo kabla hazijavuka Manyoni zikiwa zimeota mapembe, acheni niseme mwenyewe. Kasuku wangu hakumwita mama mwenye nyumba mchawi. Sikuruka dirishani, dirisha lina nondo. Na hakuna aliyezimia. Mengine yote, kwa masikitiko, ni kweli.

Mliojiunga juzi: ninaye kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Anaitwa Mheshimiwa. Nimeachiwa na mjomba pamoja na tundu lake, karatasi za kibali na tabia zake zote. (Mnaouliza bei inbox: hauzwi. Na ukikutana na mtu anamtembeza kasuku wa aina hii mtaani, pita mbali. Huyu ni ndege wa vibali, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku.) Mjomba alikuwa mtu wa redio. Bunge la bajeti likianza Aprili, redio haizimwi mpaka Juni iishe, na ndege yuko juu ya kabati anafuatilia kila mchango.

Sasa jua likichungulia tu hapa Nkuhungu, Dodoma, Mheshimiwa anasimama: "TAARIFA! TAARIFA, MHESHIMIWA SPIKA!" Akimaliza taarifa anaomba mwongozo. Akikosa mwongozo anapiga yowe lisilo la lugha yoyote, mbwa wa mtaa wa nyuma wanaitikia. Jioni jua likizama, kikao cha pili.

Nyumba tunayokaa ni ya uani, vyumba vimetazamana, bomba moja, baraza moja. Mama mwenye nyumba ni mama wa Kigogo, mtu wa sala, mkarimu, hata kodi anaidai kwa upole, na upole ule ndio unaoumiza. Aliniita siku moja akaniambia, "Mwanangu, mimi na huyo ndege hatuna ugomvi. Ila mwezi ujao jumuiya yetu ya kanisani inasali hapa kwangu. Akisimama na hiyo taarifa yake, wewe na yeye mtafute jimbo lingine."

Nikaanza mafunzo.

Kumbe kasuku hapigi kelele kwa kukosa adabu. Porini wanaishi kwa makundi, asubuhi na jioni wanaitana kujua nani yupo na nani hajarudi. Ndani ya nyumba kundi lake ni wewe. Ukienda bafuni anaita. Ukichelewa kurudi anaita zaidi. Na ukimjibu "NYAMAZAAA!" basi umechangia hoja, yeye anajua mjadala umenoga. Dawa ni kumnyima hadhira. Akipiga yowe, usimtazame, usiseme neno, ikibidi toka nje. Akishusha sauti tu, hata akiguna, hapo hapo unampa mbegu ya alizeti. Moja, maana ina mafuta mengi. Usiku unamfunika na shuka, apate usingizi wake, jumla ya masaa kumi mpaka kumi na mawili, maana kasuku aliyelala vibaya anaamka na hasira za mtu mzima.

Kuna jambo moja ambalo wengi linawashinda, na naomba mlishike maana tutalihitaji huko mbele. Kasuku akikosa kitu alichozoea kupewa, hanyamazi. Kwanza anazidisha. Anajaribu tena kwa nguvu, akidhani labda hukusikia. Ukivumilia hapo, anashuka. Ukilainika ukampa, umemfundisha kwamba kelele inalipa.

Mimi nilivumilia, wapangaji wenzangu wakavumilia kwa matusi, na taratibu Mheshimiwa akaanza kubadilika. Yowe likawa mluzi. Mluzi ukawa mwembamba. Halafu nikaona kwamba nikiongea chini, naye anaongea chini. Basi chumba changu kikawa cha kunong'ona. Namsalimia kwa kunong'ona. Napiga hesabu za rangi na brashi kwa kunong'ona. Simu naongea kwa kunong'ona.

Simu ndiyo iliyoniua.

Kodi ilikuwa imenilemea tangu mwezi wa nne. Kuna ofisi nimepaka rangi, malipo "yako kwenye mchakato", na mnaofanya kazi na ofisi mnajua mchakato ni ugonjwa usio na tiba. Kila jioni mama akipita na kandambili zake, mimi nazima taa. Siku moja akasimama kabisa mlangoni, anagonga, na mimi niko ndani nimeshika simu naongea na jirani yangu wa chumba cha mbele, dereva wa bajaji, yule yule ambaye wiki hii amegeuka shirika la habari. Yeye alikuwa nje, anaona kila kitu. Nikamnong'oneza: "Mwambie sipo." Akauliza, niko wapi? Nikasema: "Mwambie kuna msiba Kondoa." Msiba wa nani? "Sema shangazi." Shangazi yupi? "Shangazi yeyote."

Akamwambia. Tena kwa huzuni, nikamsikia akipiga kite. Na mimi huku ndani, kwa kuwa ndege alikuwa ametulia tuli wakati wote wa simu, nikampa alizeti. Nikampa na nyingine.

Uongo ule ulifanya kazi kupita kiasi. Nilipo"rudi", mama alinipokea getini akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa elfu kumi ya rambirambi. Nikaipokea. Msinitazame hivyo. Ningeikataaje bila kumfufua marehemu?

Haya, Jumamosi ikafika.

Jumuiya inasali kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo jua litatoka sala ikiendelea, na jua likitoka Mheshimiwa anafungua kikao. Baridi ya mwezi wa sita inakata, akina mama wamejitanda vitenge mpaka puani. Viti vimepangwa barazani, mbele kabisa ya dirisha langu. Ndani ya dirisha, tundu, limefunikwa shuka. Mimi nilitaka kukaa nyuma karibu na geti. Mama akakataa. "Mfiwa hakai nyuma." Nikawekwa mbele, mgongo wangu dirishani, ndege yuko nyuma ya kisogo changu.

Nyimbo zikapita, Injili ikasomwa, ndege kimya. Maombi yakaanza. Mama akasimama, akaombea mvua, wagonjwa, wanafunzi. Kisha akasema, kwa sauti ya mama anayeombea wanawe, "Tumwombee mwanetu huyu, aliyempoteza shangazi yake kule Kondoa, Bwana amfariji. Ee Bwana." Watu wote: "Twakuomba utusikie." Mwenyekiti wa jumuiya akasema sasa tunyamaze kidogo, kila mtu apeleke nia zake moyoni.

Vichwa vikainama. Upepo wa Dodoma, ambao mwezi wa sita huwa haupumziki, siku hiyo ukapumzika. Jogoo wa jirani akanyamaza. Kwenye kope zangu nikaona mwanga mwekundu: jua limetoka. Jua limetoka na hakuna taarifa! Hakuna mwongozo! Nikajisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nikatabasamu. Mimi, mfiwa.

Nyuma ya shuka kikasikika kimluzi. Chembamba. Kile cha kuomba alizeti.

Kisha nikasikia sauti yangu.

Naomba mnielewe. Siyo sauti ya kasuku, ile ya puani mliyoizoea. Sauti yangu mimi, na kile kikohozi changu kidogo cha kuanzia, ikinong'ona taratibu, neno kwa neno, ikisikika mpaka viti vya mwisho:

"Mwambie sipo."

Kasuku hana nyuzi za sauti kooni. Sauti yake inatokea chini kifuani, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafuni, na kwa kiungo hicho anaweza kuiga mlango, simu, hata mtu anayemjua. Hayo mimi nilikuwa nayajua. Jumuiya haikuyajua. Jumuiya ilichojua ni kwamba mfiwa ameongea.

Bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele, ambaye masikio yake siku hizi yanachagua, akaamini nia imetolewa. Akaitikia bila kufumbua macho: "Twakuomba utusikie." Na mnajua mambo ya kuitikia, mmoja akianza wengine wanafuata kwa mazoea. Baraza zima: "Twakuomba utusikie."

Kimluzi tena. Kikohozi.

"Mwambie kuna msiba Kondoa."

Hapo nikakauka kama mlenda ulioanikwa juu ya bati. Nikasikia viti vikilia, watu wanageuka. Nilifumbua jicho moja nikakuta macho yote yako kwangu, na mdomo wangu, jamani, umefungwa. Mtoto wa darasa la pili hivi alikuwa ananitazama midomo kwa makini, akamvuta mama yake kitenge: "Mama, anaongea na tumbo."

Mfukoni mwa koti nilikuwa na alizeti. Nilizigusa. Mbegu moja tu ingemaliza kila kitu. Lakini mfiwa anainukaje katikati ya sala kwenda kulisha ndege? Nikaona bora nimnyime, atanyamaza.

Mnakumbuka niliwaambia mshike jambo gani.

Mheshimiwa akasubiri. Akapiga kimluzi cha tatu, hiki kina malalamiko ndani yake. Akaona huduma imesimama. Akazidisha. Kwa sauti yangu, safari hii si mnong'ono tena, ni ile ninayoitumia kumwita kondakta stendi:

"SEMA SHANGAZI! SHANGAZI YEYOTE!"

Kimya. Na kwa kuwa bado hakuna kilicholetwa, akarudi kwenye silaha ya zamani, ile niliyodhani nimeshaizika:

"TAARIFA, MHESHIMIWA SPIKA!"

"Twakuomba utusikie," akasema bibi. Peke yake.

Jirani yangu wa bajaji alikuwa ameuma kola ya jaketi, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka. Kwenye simulizi yake anasema alikuwa anasali.

Mama mwenye nyumba hakunitazama mimi. Alitazama shuka. Alilitazama kwa muda, kisha akageuza uso polepole mpaka ukafika kwangu, na kwa upole ule ule wa kudai kodi akauliza:

"Mwanangu, huyo shangazi ana jina?"

Ninao shangazi wawili, mnaweza kudhani ningekumbuka hata mmoja. Nilifungua mdomo nikakuta hamna kitu. Nikainuka, nikapita katikati ya watu, nikaingia chumbani, nikafunua shuka mbele ya jumuiya nzima iliyokuwa inachungulia kwenye nondo, nikampa alizeti. Mheshimiwa akaichukua kwa mguu, akaimenya, akanyamaza. Mafunzo yamefaulu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Sala ilifungwa, chai ilinywewa, mwenyekiti akasema kitu kuhusu amri ya nane, ile ya uongo, huku akinitazama juu ya kikombe. Elfu kumi nimerudisha. Kodi nimelipa nusu kwa kuuza ile stuli yangu ndefu ya kupakia rangi dari, kwa hiyo kazi za juu nimeziacha kwa sasa. Shangazi wa kweli, wa Kondoa, mzima wa afya na shamba lake, amepiga simu kuuliza amekufa kwa ugonjwa gani na mbona hakuambiwa. Katekista akinipita njiani anaomba taarifa.

Na wewe mtangazaji wetu wa bajaji: kwenye vois noti yako ya dakika zote zile umesimulia ndege, umesimulia bibi, umesimulia hadi rangi ya soksi zangu. Mbona hujasema ile simu nilikuwa naongea na nani? Mama bado hajauliza nani alipiga kite mlangoni. Mimi naweza kuuliza kwa niaba yake.

Mnadhani nimefukuzwa? Hapana. Ni mbaya kuliko hivyo. Mama amempenda ndege. Jioni naporudi nakuta kiti kimewekwa dirishani kwangu, mama amekaa na bakuli la alizeti, anamnong'oneza kitu, anampa mbegu, anamnong'oneza tena. Nikikaribia anaacha, ananisalimia "mbukwa" kwa furaha, anaondoka zake.

Leo alfajiri sikusikia taarifa wala mwongozo. Nimeamshwa na sauti ya mama, laini kabisa, hatua mbili kutoka kwenye mto wangu: "Na ile ya mwezi wa sita?"

Mwenye kuweza kunikopesha laki moja aje inbox. Tafadhali aandike tu, asipige. Humu ndani simu hatupokei tena.