Acheni kumwambia kila mtu aweke sudo

Leo tena nimeona dogo kauliza mbona perf, zana ya Linux ya kupima programu inatumia wapi prosesa, inamgomea, ile hitilafu ya kwamba huna ruhusa ya kukusanya takwimu, na jibu la kwanza ni lilelile, weka sudo mbele, yaani endesha amri kama root, mkuu wa mfumo. La pili, peleka perf_event_paranoid, namba ya kerneli (kiini cha Linux) inayoamua asiye root apime nini, kwenye -1 uendelee na kazi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anapima nini! Hii tabia inaniudhi kweli.

Jamani, ukiandika sudo perf record ./programu, programu yako nayo inaendeshwa kama root. Kwa kawaida sudo inafuta mazingira yako, LD_LIBRARY_PATH (inayoonyesha maktaba zitafutwe wapi) haipo tena, faili la mipangilio linaweza kusomwa lingine au lisisomwe kabisa, kwa hiyo unakaa unachambua asilimia za kitu ambacho watumiaji wako hawajawahi kukiendesha. Halafu unataka kufungua ripoti, perf.data, faili la vipimo, haifunguki kwa sababu ni ya root, unaongeza sudo nyingine, na kila faili lililoandikwa na programu ni la root pia, kesho ukiiendesha kawaida inashindwa kuandika logi. Tatizo moja limezaa matatu na bado hujui ni fankisheni gani inayokula prosesa.

Haya, ukiishika kwa -p programu ambayo tayari inakimbia, sudo haina shida sana, hilo nakubali.

Lakini anza na cat /proc/sys/kernel/perf_event_paranoid, soma namba. Kerneli ya kawaida tangu 4.6 ya mwaka 2016 iko 2, na 2 inatosha kupima programu yako mwenyewe, cycles:u (mizunguko ya prosesa upande wa programu tu), bila kugusa kerneli. Debian na Ubuntu ndio walioongeza ngazi za juu yake zinazomfungia kabisa asiye root. Shusha hadi 2 kwa sysctl -w, mashine ikizimwa na kuwashwa inarudi ilivyokuwa. Hiyo -1 kwenye seva ya watu wengi unamfungulia kila mwenye akaunti achungulie kazi za wenzake! Na tangu 5.8 ya mwaka 2020 ipo CAP_PERFMON, ruhusa ya kupima bila kuwa root kamili, imetengenezwa kwa ajili ya hilihili.

Ila ripoti ikijaa "unknown" kwenye programu yako, usihangaike na ruhusa, mara nyingi simboli (majina ya fankisheni) zimeondolewa au pointa za fremu, zinazoonyesha fankisheni gani imeita ipi, hazipo. Kompaili upya na -g na -fno-omit-frame-pointer.