Lazima Uwe Ukumbini? Santuri na Muziki wa Papo kwa Papo

Jioni ya tarehe 23 Desemba 1975, wanamuziki wanne wa The Blue Notes, bendi ya kutoka Afrika Kusini, walitoka kwenye ibada ya kumbukumbu ya mwenzao jijini London, wakaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mazoezi. Mongezi Feza, mpiga tarumbeta wao, alikuwa amefariki siku tisa kabla akiwa na umri wa miaka 30. Dudu Pukwana alishika saksafoni, Chris McGregor akakaa kwenye piano, Johnny Dyani akasimama na besi, Louis Moholo akaingia nyuma ya dramu. Hawakuchagua nyimbo, hawakugawana zamu. Walianza kupiga, na mashine ya kurekodi ikawa inazunguka. Mwaka uliofuata kampuni ndogo iitwayo Ogun iliutoa muziki ule kwenye santuri mbili kwa jina la Blue Notes for Mongezi.

Naanza na santuri hii kwa sababu kila ninaposoma mjadala wa muziki huru wa papo kwa papo, ule unaopigwa na watu wawili, watatu, watano, bila noti, bila wimbo waliokubaliana, nakutana na hoja moja ya zamani: kuurekodi ni kuuharibu, ukitaka kuusikia lazima uwepo. Hoja hiyo husemwa kwa heshima, na waliowahi kuisema ni watu wazito. Ila upande wa pili, wa sisi tunaousikiliza muziki huu nyumbani, naona haujapata wa kuusemea vya kutosha.

Aliyeisema hoja hiyo kwa nguvu kuliko wote ni Cornelius Cardew, mtunzi Mwingereza aliyekuwa akipiga na AMM, kundi la muziki huru. Katika insha yake ya mwaka 1971 alisema kwamba rekodi za muziki wa namna hii kimsingi ni tupu. Zinatunza umbo ambalo jambo lilichukua, zinadokeza hisia kwa mbali, lakini mahali na wakati haziwezi kuvibeba. Muziki wao, alieleza, ulizaliwa na chumba chenyewe: umbo lake, mwangwi wake, hata kile kinachoonekana dirishani. Na dirisha utalirekodije? Kabla yake Eric Dolphy, mpiga saksafoni Mmarekani, alikuwa ameshasema kwamba muziki ukiisha umekwenda na hewa, huwezi kuukamata tena. Maneno hayo yamewekwa mwishoni mwa santuri ya Last Date, iliyorekodiwa Hilversum, Uholanzi, tarehe 2 Juni 1964. Siku 27 baadaye Dolphy alikuwa marehemu.

Kuna ukweli mwingi hapo, na sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Aliyewahi kukaa mbele ya mpiga udi akianza taksim, ule utangulizi wa papo kwa papo, kabla ya wimbo wa taarabu anajua. Kuna vidole, kuna pumzi, kuna jicho la mpiga fidla anayesubiri nafasi yake, kuna mzee pale nyuma anayetoa "Allah!" mahali ambapo wewe hukujua kwamba pametokea kitu. Kaseti ya usiku ule ukiisikiliza kesho yake, nusu ya mambo imebaki ukumbini.

Kuna ubaya mwingine ambao mimi nauona mkubwa kuliko huo wa Cardew. Santuri hutengeneza mfano wa kuigwa. Mwingereza Derek Bailey alipokuwa akivunja lugha ya gitaa katika miaka ya 60, zile noti fupi kavu, ile milio myembamba ya nyuzi zilizoguswa nusunusu, alikuwa anatafuta. Leo kijana anaweza kuyapata yote hayo kwenye rekodi, akayafanyia mazoezi chumbani, akaja jukwaani nayo mkononi tayari. Kilichokuwa msako kimekuwa mtindo, na mtindo ndicho kitu ambacho watu hawa walikuwa wanakikimbia. Hilo sina jibu lake kamili. Naweza kusema tu kwamba kuiga kulikuwepo kabla ya santuri, na kwamba Bailey mwenyewe, pamoja na mashaka yake juu ya rekodi, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Incus mwaka 1970 na wenzake Evan Parker na Tony Oxley, akaendelea kurekodi hadi uzeeni. Wapo wanaoona hapo mtu aliyejipinga mwenyewe. Mimi namwona mtu aliyeujua upungufu wa chombo na bado akakitumia.

Lakini turudi kwenye lile neno "lazima uwepo". Lazima uwepo wapi? Katika miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, mahali pa kuusikia muziki huu London palikuwa Little Theatre Club, ukumbi mdogo karibu na St Martin's Lane, ambako mpiga dramu John Stevens alianza kuendesha maonyesho ya usiku mwaka 1966. Ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo, na wasikilizaji wachache. Ukichukua kanuni ya kwamba rekodi ni tupu na ukaifuata hadi mwisho, urithi wote wa miaka ile ni wa wale watu wachache waliopanda ngazi kuingia pale, na baada yao hakuna mrithi. Mtu wa Tanga au Bujumbura hana lake. Naomba wenye hoja wakae na jambo hili kidogo, kwa sababu hulipita haraka mno. Kusema "ungekuwepo" ni rahisi kwa anayeishi karibu na mlango.

Sisi tunalo funzo letu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi na kampuni ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu na kitu, basi. Wimbo uliozoea kutanuka usiku kucha, watu wakituza na mwimbaji akirudia beti kwa namna nyingine, ulibanwa ukaingia humo. Hasara ilikuwepo, na ilikuwa kubwa. Siti alifariki mwaka 1950, na yeyote aliyezaliwa baadaye amemjua kupitia hasara hiyo. Najua Siti aliimba nyimbo zenye maneno na muundo, si muziki huru, na mlinganisho wangu una mipaka. Ninacholinganisha ni umbali kati ya mlio na sisi ambao hatukualikwa.

Hata hivyo sitaki kuitetea santuri kama kitu cha maskini, cha kufunika njaa tu. Kuna jambo inalolifanya ambalo ukumbi hauwezi.

Chukua Karyobin, iliyorekodiwa Februari 1968 katika studio za Olympic, London, na kundi la Stevens liitwalo Spontaneous Music Ensemble. Walikuwa watano: Stevens kwenye dramu, Evan Parker kwenye saksafoni, Kenny Wheeler na tarumbeta, Bailey na gitaa, na Dave Holland, kijana wa miaka 21, kwenye besi. Stevens alikuwa na kanuni aliyowakazania wenzake: kama humsikii mwenzako, basi unapiga kwa sauti kubwa mno. Yeye mwenyewe alijipangia seti ndogo ya dramu ili asimfunike mtu.

Mara ya kwanza nilisikia vurugu ya ndege mtini alfajiri. (Jina la santuri, nilikuja kujua, linahusu ndege wa kufikirika wanaosemwa kuishi peponi.) Mara ya pili vilevile. Usiku wa tatu nilivaa hedifoni, nikazima taa, nikaamua kumfuata Holland peke yake na kuwaacha wengine wapite. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Besi ile haibebi mapigo wala haiwekei wenzake msingi wa kusimamia, kazi ambayo masikio yangu ya dansi yalikuwa yanaisubiri. Inauliza. Inatoa noti mbili, inanyamaza, gitaa linazigusa kwa juu, Stevens anajibu kwa ukingo wa toazi, na kabla jibu halijapoa saksafoni imeshalichukua na kulipeleka kwingine. Usiku uliofuata nikamfuata Bailey. Kisha nikafuata ukimya: nani ananyamaza, lini, na nani anaiona nafasi ile bila kuijaza.

Ukumbini nisingeweza kufanya hivyo. Ukumbini jicho ndilo linaloongoza sikio, na jicho humfuata anayejitikisa zaidi. Mpole wa kundi, yule anayebadilisha mwelekeo wa wote kwa noti moja ya chini, humwoni. Santuri inanirudishia mpole. Na muziki wa kundi dogo, kuliko mwingine wowote, umejengwa juu ya watu wa namna hiyo. Ninachosikia ni watu wakisikilizana, na kusikilizana huko hakuhitaji dirisha.

Watajibu: sawa, lakini ukisikiliza mara kumi umeshajua kila kinachokuja. Papo kwa papo iko wapi tena? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba ninayejua ni mimi, wao hawajui. Mtu anayerudia kutazama mechi ya zamani ya Simba na Yanga anajua bao litaingia dakika ya ngapi. Kipa hajui. Kila ukirudia, kipa yule yule anajirusha kwa imani ile ile, na ndiyo maana unarudia. Kujua kwangu kunanipa nafasi ya kuiona hatari waliyokuwa ndani yake, ambayo mara ya kwanza nilikuwa nimeshikwa na mshangao kiasi cha kutoiona.

Sasa narudi kwa wale wanne, maana hapo hoja ya "ungekuwepo" inapata shida ambayo sijaona ikitatuliwa. Kulikuwa na nani chumbani? Wao wenyewe. Hapakuwa na onyesho, hapakuwa na tiketi. Hakuna hadhira iliyoupata muziki ule ukiwa mzima ili sisi wengine tuambiwe tumepata makombo. Bendi hii, The Blue Notes, iliundwa na Waafrika pamoja na McGregor aliyekuwa mzungu, katika nchi iliyokataza watu kama hao kukaa jukwaa moja. Waliondoka mwaka 1964 kwenda tamasha la Antibes, Ufaransa, na ugeni ukawa ndio maisha yao. Jioni ile walikuwa wakifanya kile ambacho watu hufanya matangani. Mmoja anaanza kumtaja marehemu, mwingine anadakia, sauti inapanda hadi kuwa wimbo, mtu anaita, mtu analia, kisha wote wanashuka pamoja. Kwa kawaida mambo hayo hubaki ndani ya nyumba. Santuri hii ilitufungulia mlango wa msiba wa watu, na naamini walitaka ufunguliwe.

Wapinzani wa rekodi wana karata moja hapa, na ni halali yao. Santuri ya 1976 ilikatwa. Upande mmoja hubeba dakika ishirini na kitu, kwa hiyo maombolezo yaliyotoka kama mto yalikatwa vipande vinne na kuitwa sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mwaka 2008 Ogun waliitoa tena kwenye CD, na yale yaliyokuwa yameachwa yakarudishwa. Ina maana kwa zaidi ya miaka 30 wasikilizaji walishika kitu pungufu wakidhani ndicho chenyewe. Hilo linanisumbua. Linanionyesha kwamba kosa linaweza kuwa kwenye mkasi, au kwenye urefu wa upande wa santuri, na kosa la namna hiyo hurekebishika maadamu kanda ipo. Kama wangetii kwamba muziki huu uachwe uende na hewa, mwaka 2008 kusingekuwa na cha kurudisha.

Dyani alifariki mwaka 1986. Mwaka uliofuata watatu waliobaki waliingia studio kumwombolezea naye, wakatoa Blue Notes for Johnny. McGregor alikwenda Mei 1990, Pukwana mwezi mmoja baadaye. Moholo alirudi kwao Afrika Kusini, akafariki Juni 2025. Hakuna aliyebaki wa kutusimulia chumba kile kilikuwaje. Ninayo ile ya CD, ndefu, na huisikiliza usiku mtaa ukishalala. Kila wanapotulia, piano ikashuka na besi ya Dyani ikabaki chini, najikuta nasubiri tarumbeta liingie.