Ukoo wa Duke wa Westminster umebebwa na wanawake, ila cheo hawapewi

Kila ikitoka orodha ya matajiri wa Uingereza watu wanaanza, oh Hugh Grosvenor kijana mdogo bilionea, Duke (cheo cha juu cha makabaila) wa 7 wa Westminster, baba yake Gerald kafariki Agosti 2016 dogo ana miaka 25 tu akarithi. Haya, hongera zake. Ila ana dada zake wawili wakubwa, Tamara na Edwina, wamezaliwa kabla yake na wamerukwa hivi hivi, maana uduke waliopewa na Malkia Victoria mwaka 1874 unaenda kwa wanaume tu.

Sasa hapo ndo wananichosha, kwa sababu ukifukua huo ukoo, utajiri wenyewe kauleta mwanamke, tena mtoto. Akina Grosvenor walikuwa makabaila wa Cheshire huko, wana ardhi yao wametulia, mpaka mwaka 1677 Sir Thomas Grosvenor akamuoa Mary Davies, binti wa miaka 12 (ndio, kumi na mbili!) ambaye baba yake alikufa kwenye tauni ya 1665 akamwachia kama ekari 500 za malisho na madimbwi magharibi mwa London. Madimbwi hayo leo ndo Mayfair na Belgravia, mitaa ya kifahari ya London, na kodi za majengo ya pale zinawalisha mpaka kesho. Mary mwenyewe hakufaidi, mume alikufa 1700, akachanganyikiwa akili, akaibuka mwanaume Paris anadai kamuoa, ikawa kesi ndefu ndo ndoa ikafutwa.

Na kwa mama je? Mama yake Hugh, Natalia, ni kizazi cha Pushkin, yule mshairi wa Urusi, na babu wa mama yake Pushkin ni Abram Gannibal, Mwafrika aliyechukuliwa mtumwa akiwa mtoto, akalelewa kwa Tsar Peter, mfalme wa Urusi, akaishia kuwa jenerali. Kwa hiyo damu yetu imo humo jamani, lakini kwenye historia za familia utasikia Grosvenor, Grosvenor tu.

Kiti cha ufalme chenyewe kilishabadilishwa sheria 2013, ndo maana Charlotte, binti wa Prince William, yuko mbele ya mdogo wake wa kiume Louis kwenye foleni ya kurithi. Vyeo vya makabaila vikaachwa vilevile. Hugh kaoa 2024 pale Chester, 2025 wamepata mtoto wa kike, na asipopatikana wa kiume uduke unafutika kabisa. Yaani wako radhi cheo kife kuliko kumpa binti.