Tumbili wa maabara na sisi wa Mubende

Makala tunayoijadili inaeleza jinsi watafiti wa Marekani wanavyowapiga tumbili walioambukizwa Ebola picha za CT (eksirei za kina za ndani ya mwili) na PET (zinazoonyesha jinsi seli zinavyofanya kazi), na wachangiaji wengi hapa wanasema ni ukatili mtupu. Uchungu wenu nauelewa. Lakini kumbukeni njia ya zamani: ili kujua virusi vimefika wapi siku ya tatu, mnyama aliuawa akapasuliwa; siku ya tano, mwingine tena. Sasa tumbili yuleyule anapewa dawa ya usingizi, anaingizwa kwenye bomba lililozibwa huku mashine ikibaki upande salama, na anapigwa picha tena na tena. Kwa PET anadungwa sukari yenye mionzi kidogo. Pale seli zinapofanya kazi kupita kiasi, kama kwenye tezi za limfu au bandama, panang'aa. Hapo mtafiti anaona kama dawa inauzuia ugonjwa au la, mnyama akiwa bado hai.

Mimi ni wa Mubende, Uganda. Mwaka 2022 Ebola aina ya Sudan ilianzia kwetu, na watu 55 waliothibitishwa kuambukizwa walifariki, wahudumu wa afya wakiwemo. Chanjo ya Ervebo haikutufaa kwa sababu ni ya aina ya Zaire. Aina hiyohiyo ya Sudan ndiyo iliyomuua Dkt. Matthew Lukwiya, daktari aliyeongoza mapambano dhidi ya Ebola kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000! Nawaomba watafiti waipe aina ya Sudan uzito uleule wanaoipa ya Zaire, na wataalamu wa UVRI, taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, washirikishwe katika kusoma picha hizo.