Daktari wa Kijiweni

Mimi ni muuza chumvi. Soko la Mwanga, hapa Kigoma, ukiulizia chumvi ya Uvinza hata mtoto atakuleta kwangu. Naitaja kazi yangu mapema ili mbele ya safari usije ukasema nilikuficha.

Mwaka jana shemeji alishuka na treni kutoka Dar es Salaam akaniletea mashine ya kupimia presha, ile unayobonyeza kitufe ikajivimbisha yenyewe. "Shemeji, umri umekwenda, uwe unajiangalia." Nikashukuru. Kujiangalia sikujiangalia, maana mganga hajigangi. Kikaratasi cha maelekezo, Kichina kitupu, nikamfungia mteja chumvi ya shilingi 200.

Kesho yake nikaibeba mpaka kijiweni. Kijiwe chetu kiko chini ya mwembe, kwa fundi baiskeli: birika la kahawa chungu, sinia la kashata, drafti ya vizibo vya soda, na ubishi wa Simba na Yanga ambao haujawahi kuahirishwa hata kwa msiba. Nikaiweka mashine juu ya ndoo iliyopinduliwa. Watu wakanyamaza.

Wa kwanza alikuwa fundi mwenyewe. Ametoka kuliwa kete tatu kwa mpigo, sigara mdomoni, bado anamtukana aliyemla. Nikamfunga mkanda juu ya koti lake la kazi lenye grisi. Mashine ikanguruma, ikatoa 158 kwa 97. Utabibu wangu wote ulikuwa ile namba maarufu, 120 kwa 80. Nikapiga hesabu ya kutoa, nikatikisa kichwa pole pole.

"Fundi," nikamwambia, "nyumbani una watoto wangapi?"

Akafuata bodaboda, mguu juu ya mguu, kikombe cha nne cha kahawa mkononi, anasimulia abiria wa Ujiji aliyemkimbia na nauli. 151. Kisha mshona viatu. Huyu alikuwa amebanwa na mkojo tangu asubuhi, ila hataki kuinuka asije akaporwa zamu yake ya drafti. 174 kwa 102! Nikaisoma kwa sauti. Hapo nakiri nilikosea, daktari wa kweli angenong'ona.

Mshona viatu aliinuka bila kusema neno, akaacha kiatu cha mteja kimeshonwa nusu. Kumbe anawahi choo cha sokoni. Sisi tuliobaki tukaelewa anakwenda kuaga familia, na bodaboda kwa huruma akamtangulia kwa mkewe na pikipiki. Mwenzetu alipomaliza haja, akapitia sokoni kununua sombe, akafika kwake na fungu mkononi akakuta mkeka umetandikwa uani, jirani kaleta sufuria kubwa, na watu wawili wanabishana nani ampigie simu kaka yake wa Kasulu.

Mkewe ndiye aliyetuswaga sote wanne mpaka zahanati, mimi mbele na mashine yangu kama kidhibiti.

Nesi, binti wa rika la kitinda mimba wangu, akauliza tulipimanaje. Kahawa? Ndiyo. Sigara? Ndiyo. Mnaongea? Sana. Juu ya koti? Kila nilipojibu alifumba macho. "Baba, hata mimi ungenipima hivyo ungenizika." Akatupeleka chooni, akatukalisha nusu saa ili kahawa na sigara zitulie. Kisha mmoja mmoja kitini: mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, kimya dakika tano. Fundi 128. Bodaboda 116. Mshona viatu 122 kwa 78.

Mke wa mshona viatu akageuka, akanitazama. Na zamu iliyofuata ilikuwa yangu.

166 kwa 101. Nesi akasubiri kidogo, akarudia: 164. "Ni yule mama, kanitazama vibaya," nikajitetea. Akasema ni kweli hofu hupandisha, nirudi siku mbili nyingine. Nikarudi bila yule mama. Kuanzia 140 kwa 90 ndiyo wanahesabu presha ya kupanda, nami niliuvuka mpaka huo siku zote tatu.

"Unakula nini?" Ugali wa muhogo, mgebuka wa chumvi, na chumvi kidogo pembeni ya kuchovya. "Na dukani?" Hapo nikasita. Mteja akija, mimi huonja mzigo mbele yake kumtoa wasiwasi. Punje mbili hivi. Wateja ni wengi. Nikajaribu kumweleza kwamba Uvinza watu wanachemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, hivyo ni jambo la heshima. Akasema heshima mwisho gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya samaki.

"Gunia lako masika linakuwaje?"

"Linalowa mpaka sakafuni."

"Ndivyo chumvi inavyovuta maji hata mwilini mwako. Damu inajaa, moyo unasukuma kama mtu anayekokota baiskeli yenye mzigo kutoka stesheni kupandisha Mwanga."

Daktari akaniandikia vidonge. Mke wangu akafungia kikopo cha chumvi kabatini, ufunguo kwenye pindo la kanga. Mimi huyu, mwenye magunia kumi na mawili dukani! Migebuka inalala kwenye maji usiku kucha, na maharage nayala kama adhabu.

Mashine ilibaki kijiweni. Fundi ndiye anayenipima kila asubuhi, kabla sijagusa kahawa, na masharti ya nesi ameyakariri: mgongo, miguu, mkono, kimya dakika tano. Dakika hizo wenzangu wanazisubiri kwa hamu. "Jamani, si huyu aliyekuwa anatuzika?" ataanza mmoja. Mshona viatu atakumbushia deni la soda mbili ambalo nina hakika nililipa. Nikifungua mdomo, fundi ananyoosha kidole chenye grisi: "Unaharibu kipimo. Tunaanza upya."

Juzi, mkanda umenibana na mimi nimetulia kama mtoto wa madrasa, nilimwona kwa macho yangu akisogeza kete yangu chumba kimoja nyuma. Akanitazama. Akaila, akaingia kingi.