Kabla ya kumdai mchuuzi kodi, apewe nini?

Mjadala kuhusu wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi huzunguka hoja mbili. Wapo wanaosema wasajiliwe, walipe kodi na wafuate sheria kama watu wengine. Wapo wanaosema waachwe, wanajitafutia riziki na hakuna aliyewapa ajira. Zote zina ukweli wake. Ninachokiona ni kwamba zote mbili zinaruka swali lililo gumu zaidi: kati ya mamlaka na mfanyakazi, nani aanze kutoa?

Hatuzungumzii kikundi kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kuwa watu bilioni 2, yaani zaidi ya asilimia 60 ya wote wenye kazi duniani, wako katika ajira zisizo rasmi. Humo wamo wachuuzi, waokota taka, vibarua wa ujenzi, wafanyakazi wa majumbani na wanawake wanaoshona nyumbani kwao kwa malipo ya kila kipande.

Hoja ya urasimishaji si ya kupuuzwa. Mwenye duka analipa pango, leseni na kodi, kisha bidhaa ileile inauzwa mlangoni pake na mtu asiye na gharama hizo. Ana haki ya kulalamika. Anayetumia kiti cha magurudumu na kulazimika kushuka barabarani kwa sababu njia ya waenda kwa miguu imejaa meza, naye ana haki yake. Zito zaidi ni kwamba kazi isiyo rasmi huwanufaisha sana matajiri. Kiwanda kinachogawa kazi majumbani kupitia mawakala hakichangii pensheni wala hakitoi likizo ya uzazi, na fundi akiumia hana wa kumdai fidia. Ukisema "waacheni huru", mara nyingi unayemwacha huru ni tajiri wao.

Hata hivyo, dai kwamba watu hawa hawalipi chochote si la kweli. Mtazame mchuuzi anavyopanga bidhaa. Ametandaza turubai chini, kila pembe ina kamba, na kamba zote nne zinakutana karibu na mkono wake. Askari wakitokea anavuta mara moja, turubai linakuwa furushi, anakimbia. Mtu anayefanya kazi hivyo hathubutu kuweka bidhaa nyingi, na benki haimkopeshi. Anachukua mkopo asubuhi, anarudisha jioni pamoja na riba. Wakimkamata unaondoka mtaji mzima, deni linabaki palepale. Ongeza ushuru wa kila siku na fedha anazotoa ili aachwe asisumbuliwe. Analipa, tena pengine kwa uwiano mkubwa kuliko mwenye duka, ila malipo yake hayamjengei haki yoyote.

Ndiyo maana kampeni za usajili mara nyingi hazifui dafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wafanyabiashara wadogo wa Sri Lanka ulionyesha kuwa kuwapa maelezo na kuwarudishia gharama za usajili hakukuwashawishi. Walipopewa fedha zinazolingana na faida ya nusu mwezi hadi mwezi mmoja, takriban mmoja kati ya watano alijisajili. Watu wale walipiga hesabu zao vizuri: cheti kisichoongeza chochote hakina sababu ya kutafutwa.

Na kipo cheti kisicholinda. Oktoba 2013, jiji la Johannesburg liliwaondoa maelfu ya wachuuzi katikati ya mji, wakiwamo waliokuwa na vibali halali. Mahakama ya Katiba iliamuru Desemba mwaka huohuo waruhusiwe kurejea wakati shauri likiendelea. Walishinda, lakini wiki nzima nzima za mauzo zilikuwa zimeshapotea, na nyumba inayokula kwa mauzo ya siku haina cha kusubiria hukumu.

Mimi naegemea usajili, kwa sharti moja: uifunge mamlaka kwanza. Sheria ya wachuuzi ya India ya mwaka 2014 ilijaribu hilo. Inakataza kumwondoa mchuuzi kabla ya wachuuzi kuhesabiwa na kupewa vyeti, na inataka si chini ya asilimia 40 ya wajumbe wa kamati za mji zinazosimamia uchuuzi wawe wachuuzi waliochaguliwa na wenzao. Utekelezaji wake umesuasua katika miji mingi, na wakosoaji wana haki ya kusema karatasi peke yake haitoshi. Lakini mchuuzi mwenye sheria ile ana kitu cha kushika anapokwenda mahakamani.

Linabaki suala la mafao. Kwa mfanyakazi wa majumbani sioni utata. Mwajiri wake anajulikana, na Mkataba Namba 189 wa ILO wa mwaka 2011 unataka apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Ugumu uko kwa anayetumikia watu kumi kwa siku moja, kama mpagazi wa sokoni. Jimbo la Maharashtra, India, lilipitisha sheria mwaka 1969 kwa ajili ya wapagazi hao: wafanyabiashara hupeleka ujira kwenye bodi pamoja na tozo ya juu yake, bodi inamlipa mpagazi na kumwekea akiba ya uzeeni. Wafanyabiashara wamekuwa wakiilalamikia gharama hiyo, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa pale bodi inapokuwa na urasimu. Lakini bila tozo ile gharama haikuwa imetoweka: mpagazi aliibeba mwenyewe, mgongo ulipochakaa na hakuna wa kumlipa.